Mwongozo kamili: umeshuhudia tukio, ufanyeje usije ukamnyooshea kidole asiyehusika

Shahidi anayemtambua mtu ambaye siye, mara nyingi sio mwongo na wala hajahongwa. Ni mtu mkweli kabisa, anaapa mbele ya hakimu na anachokisema anakiamini kutoka moyoni, na hapo ndo hatari ilipo, maana mwongo unaweza kumbana na maswali mpaka akajikanyaga lakini mkweli aliyekosea habanduki, analia machozi ya kweli na mahakama nzima inamwamini. Kule Marekani shirika la Innocence Project lilianza mwaka 1992 kuhangaikia watu waliofungwa kimakosa, na kwenye kesi ambazo vipimo vya DNA vilikuja kuonyesha aliyefungwa siye, karibu 7 kati ya kila 10 zilikuwa na shahidi wa macho aliyemtambua mtu vibaya.

Angalia kesi ya Ronald Cotton. Mwaka 1984 huko Burlington, North Carolina, mwanafunzi wa chuo aliingiliwa nyumbani kwake usiku akabakwa. Huyu dada alijikaza akausoma uso wa yule mtu makusudi kabisa, ili akipona aje amtambue. Polisi wakampa picha, akaziangalia, akamchagua Cotton. Baadae wakamwita kwenye gwaride la watu waliosimama, akamchagua Cotton tena, na alipomaliza akaambiwa ni yuleyule uliyemtoa kwenye picha. Uhakika wake ukapanda mpaka juu. Kumbe Cotton ndo alikuwa mtu pekee aliyekuwepo kote kuwili, kwenye picha na kwenye gwaride. Akafungwa 1985, na kesi iliposikilizwa upya 1987 yule mhalifu mwenyewe, Bobby Poole, aliletwa mahakamani, dada akamwangalia akasema huyu simjui. Mwaka 1995 DNA ikasema ni Poole. Cotton alishakaa ndani zaidi ya miaka 10.

Nimeileta kesi hii kwa sababu huyu dada hakuwa mzembe, alifanya kila kitu ambacho mtu angemshauri afanye wakati wa tukio. Kilichoharibu kiliingia baadae, kwenye picha, kwenye gwaride, kwenye kauli ya afisa. Ndo maana mwongozo huu sehemu kubwa unahusu yanayofuata baada ya tukio, maana hapo wewe shahidi una nguvu kuliko unavyodhani. Sheria za utambuzi zinatofautiana nchi na nchi, lakini kumbukumbu ya binadamu ni ileile popote.

Hatua ya 1: wakati tukio linatokea

Usalama wako kwanza. Usikae mahali pa hatari eti upate kumwona vizuri.

Ukiwa na nafasi, jua kwamba silaha inavuta macho. Mtu akishika bunduki au kisu, macho yako yanaganda pale kwenye silaha na uso unapita hivihivi, na sio kosa lako, ndivyo ubongo unavyojilinda. Kwahiyo kama unaweza, peleka macho usoni hata mara moja, shika kitu kimoja au viwili visivyobadilika haraka: sikio limekaaje, meno, kovu, mwendo, sauti. Nguo zinasaidia ndani ya saa chache tu, baada ya hapo mtu kashabadilisha.

Na usijidanganye kwamba hofu inanoa kumbukumbu. Kuna utafiti wa mwaka 2004 uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani zaidi ya 500 waliokuwa kwenye mafunzo ya kambi ya mateka wa kuigiza. Kila mmoja alihojiwa uso kwa uso zaidi ya nusu saa, mara moja kwa ukali wa kutisha na mara nyingine kwa upole, kisha baadae wakaambiwa wamtambue aliyewahoji. Yule mkali ndo walimkosea zaidi. Sasa kama askari aliyefunzwa, aliyemwangalia mtu nusu saa nzima tena kwenye mwanga, anachemsha, wewe uliyemwona mtu anapita mbio gizani jipe nafasi ya kukosea.

Hatua ya 2: andika kabla hujaongea na mtu

Hii ndo hatua ninayoomba usiiruke hata kama nyingine zote utaziruka. Ukishakuwa salama na majeruhi wamepata msaada, toa simu au karatasi, kaa pembeni peke yako, andika. Kama mikono inatetemeka jirekodi sauti. Weka saa na tarehe. Usipange maneno vizuri, usirembe, mwaga tu vilivyo.

Inavyotakiwa iwe ni kama hivi:

"Nilikuwa nimesimama mlangoni. Yeye alikuwa ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa gari jeupe. Taa ya barabarani ilikuwa nyuma yake, uso ulikuwa na kivuli. Niliona upande wa kushoto tu. Kofia ilishuka mpaka kwenye nyusi, nywele sikuziona. Alizidi paa la gari kwa kichwa na mabega. Kovu sijui. Alisema 'twende', sauti nzito. Kuna mtu pembeni yangu alisema jamaa ana ndevu, mimi sikuziona."

Ona kilichofanyika hapo. Kwenye kovu kaandika sijui, hajaandika hakuna, na hayo mawili ni tofauti kabisa, maana hakuna inamaanisha uliangalia shavu lote ukalikuta safi. Kwenye urefu hajabuni sentimita, kapima kwa gari, na mpelelezi anaweza kwenda kulipima lile gari. Na zile ndevu kaziandika lakini kaziwekea alama kwamba zimetoka kwa mtu mwingine. Bila hiyo alama, baada ya wiki 3 utakuwa unaziona hizo ndevu kabisa ukifumba macho, na utaapa uliziona.

Vitu vya kutokuacha: umbali, mwanga ulitokea wapi, nini kilikukinga, ulimwona upande gani, uliwahi kumwona kabla au ndo mara ya kwanza, ulikuwa umevaa miwani yako, ulikuwa umekunywa. Hilo la mwisho watu wanaficha, usifiche. Kuna watafiti wa Uholanzi walipendekeza mwaka 1996 kipimo rahisi cha kukumbuka: ukiwa zaidi ya mita 15 kutoka kwa mtu usiyemjua, utambuzi wa sura unaanza kuwa wa mashaka. Kwahiyo rudi baadae mchana, simama pale uliposimama, hesabu hatua.

Muda nao ni mtego. Kwenye tukio la kutisha dakika zinarefuka kichwani. Kwenye jaribio moja la mwaka 1987 watu walionyeshwa video ya wizi wa benki ya sekunde 30, wastani wa makadirio yao ukapita dakika 2. Na huu muda unabeba uzito mkubwa mahakamani, ukisema nilimwangalia dakika 2 kila mtu anaona basi kweli ulimjua. Usiandike sekunde, andika vilivyotokea kwa mfuatano: katoka kwenye gari, kavuka, kaangalia kwangu mara moja, kakimbia. Wengine watapima wenyewe.

Hatua ya 3: funga mdomo, funga na simu

Hapa najua ni pagumu, maana baada ya tukio kitu cha kwanza watu wanajikusanya wanaanza kusimuliana, na ni haki yenu mmepata mshtuko. Farijianeni, ila msisimuliane sura. Mwaka 2003 watafiti walichukua watu wawiliwawili, wakawaonyesha video ya tukio moja ila kila mmoja kaipata kutoka kona yake, wenyewe wanadhani wameona kitu kilekile. Wakaachiwa wakaongea. Walipoulizwa mmojammoja baadae, asilimia 71 ya walioongea walitaja angalau kitu kimoja ambacho wao hawakuweza kukiona kabisa, wamekichukua kwa mwenzao. Na hapo hakuna aliyekusudia kudanganya.

Ndo maana mashahidi 4 wanaosema kitu kimoja sio lazima wawe ushahidi wa watu 4. Wakishakaa pamoja kwenye benchi la kituo cha polisi saa nzima wakipiga stori, unaweza ukawa na shahidi 1 na wenzake 3 waliomwitikia.

Kwenye simu ndo balaa zaidi. Picha ya mtu inarushwa kwenye magrupu, chini imeandikwa huyu ndo aliyefanya. Usiifungue ikiwezekana, na kama umeshaiona waambie polisi kwamba umeiona, lini na wapi. Na usianze kupekua mwenyewe mitandaoni kumtafuta mhalifu. Najua unataka kusaidia, lakini kila uso unaouangalia ukiwa na hilo tukio kichwani unaweza kushikamana nalo, kisha siku ukiuona tena utasema huyu namjua, na kweli unamjua, ila umemjulia kwenye skrini.

Hilo la sura kushikamana na tukio sio nadharia. Mwanasaikolojia wa Australia, Donald Thomson, ambaye kazi yake yenyewe ilikuwa utafiti wa kumbukumbu, alikamatwa miaka ya 1970 kwa sababu mwanamke aliyebakwa alimtaja yeye. Wakati wa tukio Thomson alikuwa studio, kwenye kipindi cha televisheni kinachorushwa moja kwa moja, tena anaongelea utambuzi wa mashahidi. Huyo mama alikuwa anakiangalia hicho kipindi kabla hajavamiwa. Uso aliutoa kwenye televisheni, tukio likauvaa. Thomson alipona kwa sababu alikuwa na watazamaji nchi nzima wa kumtetea. Mtu wa kawaida aliyekuwa kalala kwake peke yake angejiteteaje?

Hatua ya 4: kuandikisha maelezo

Omba uanze kusimulia wewe mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila kukatishwa, alafu maswali yafuate. Kuna njia ya mahojiano iliyotengenezwa miaka ya 1980 na wanasaikolojia Fisher na Geiselman, na unaweza kuitumia hata kama anayekuhoji haijui: kabla hujaanza rudisha kichwani mahali penyewe, kulikuwa na harufu gani, kelele gani, wewe ulikuwa unawaza nini, sema hata vidogo unavyoona havina maana, ukimaliza, pitia tena kutokea mwisho kurudi mwanzo. Ila usikubali kuombwa ukisie. Ukilazimishwa kujaza pengo, leo ni kisio, kesho ni kumbukumbu.

Sasa kuhusu maswali. Neno moja linatosha kubadilisha unachokumbuka. Watafiti wa saikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974 waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari kisha wakawauliza yalikuwa kwenye spidi gani. Walioulizwa yalipogusana walitaja wastani wa karibu maili 32 kwa saa, walioulizwa yalipopondana wakataja karibu 41. Filamu ni zilezile! Na kwenye jaribio lao la pili, baada ya wiki 1, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hakukuwa na kioo hata kimoja, lakini 16 kati ya 50 wa kundi la kupondana walisema waliviona, wa kundi la kugongana kawaida wakasema hivyo 7 kati ya 50.

Kwahiyo ukisikia swali kama "kofia yake nyekundu aliivaa vipi?" na wewe hukusema nyekundu, simama hapohapo. Jibu kwa heshima: "Afande, mimi sijataja rangi, niliona kofia tu." Usione aibu, na usikubali ili muende haraka. Maelezo yakishaandikwa yasome yote kabla ya kusaini, au usomewe, na angalia maneno ni yako. Ulisema nadhani, imeandikwa naamini kabisa? Irekebishwe kwanza.

Hatua ya 5: picha na gwaride la utambulisho

Hapa ndo mtu anafungwa au anapona, tukae kidogo.

Ukipangiwa watu au picha mbele yako, kichwa kinafanya kitu bila kukuuliza: badala ya kumlinganisha kila mmoja na yule uliyemwona, kinawalinganisha wao kwa wao na kumchukua anayekaribia. Na lazima mmoja atakaribia kuliko wengine, hata kama mhalifu yuko mbali kabisa anakula raha zake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Wells, alilionyesha hili mwaka 1993. Mhalifu alipokuwepo kwenye mpangilio, asilimia 54 ya mashahidi walimchagua na asilimia 21 hawakuchagua mtu. Wakamwondoa mhalifu, hawakuweka mtu badala yake. Ungetegemea wale 54 sasa wote waseme hayupo, si ndiyo? Wasiochagua walifika asilimia 32 tu. Waliobaki wakahamia kwa anayefanana naye.

Kwahiyo kabla hujaangalia, uliza haya, na una haki ya kuyauliza. Anayeendesha gwaride anajua mtuhumiwa ni nani? Inafaa asijue kabisa, maana hata akiwa mwadilifu kiasi gani, macho yake, kukohoa kwake, ile kusema "hebu angalia tena namba 3", vyote vinakuambia jibu. Kama kuna afisa mwingine asiyeijua kesi, omba yeye. Uliza pia mhalifu anaweza asiwepo humu? Unatakiwa uambiwe wazi kabla kwamba anaweza asiwepo, na kama hujaambiwa jiambie mwenyewe kwa sauti. Na angalia waliowekwa kujazia, wanalingana na maelezo uliyoyatoa? Ulisema kijana mwembamba mrefu, ukaletewa kijana mmoja mwembamba mrefu na wazee wanene 5, hilo sio gwaride, na uliseme hivyo iandikwe. Uingereza kanuni zao zinataka kwenye gwaride la video mtuhumiwa achanganywe na wengine wasiopungua 8.

Ukiletewa mtu mmoja peke yake, kwenye gari la polisi au kafungwa pingu, ukaulizwa ni huyu? jua hapo unaulizwa swali lenye jibu ndani yake.

Uwezo wako unashuka zaidi kama yule mtu ni wa rangi tofauti na yako. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2001 uliounganisha tafiti za karibu miaka 30 uliona hivyo kwa watu wa rangi mbalimbali, na sio lazima uwe mbaguzi, ni mazoea tu ya macho. Sema wakati wa maelezo kama ndivyo ilivyokuwa.

Anza kuangalia. Uso ukikujia wenyewe bila kuutafuta, sawa. Ukijikuta unaondoa mmojammoja, huyu siye, huyu siye, labda huyu, basi ujue umeacha kutambua umeanza kukisia, na jibu sahihi ni "hayupo" au "siwezi kusema". Hujamwangusha mtu ukisema hivyo. Asiyehusika akiwekwa ndani, yule aliyefanya anabaki mtaani na hakuna anayemtafuta tena. Poole alimfanyia ubaya mwanamke mwingine usiku uleule, na kilichomzuia sio kifungo cha Cotton.

Hatua ya 6: uhakika wako useme papo hapo, kwa maneno yako

Kabla afisa hajafungua mdomo, sema una uhakika kiasi gani na iandikwe hivyohivyo. "Ni yeye, sina shaka" au "macho ni yake ila kidevu sina hakika" au "nusu kwa nusu". Tafiti za miaka ya karibuni zinaonyesha uhakika wa mara ya kwanza, kama gwaride limeendeshwa vizuri, una thamani kweli, uhakika mkubwa mara nyingi unaendana na usahihi. Ule wa miezi baadae mahakamani hauna thamani hiyo, umeshalishwa.

Unalishwa kirahisi sana. Mwaka 1998 Wells huyohuyo na mtafiti mwenzake Bradfield walionyesha watu video ya usalama kisha wakawapa picha ambazo mhalifu hayumo, wote wakachagua, maana yake wote wamekosea. Baadhi wakaambiwa vizuri, umemtambua mtuhumiwa. Hawa waliopongezwa sio tu walidai walikuwa na uhakika zaidi, walidai pia waliuona uso vizuri zaidi na waliuzingatia zaidi! Sentensi moja imewabadilishia mpaka mwanga wa siku ile. Kwahiyo usiulize "nimepatia?" na ukiona afisa anataka kukuambia mwambie subiri, iandikwe kwanza kauli yangu. Kama kuna kamera, omba zoezi zima lirekodiwe.

Hatua ya 7: baada ya hapo mpaka mahakamani

Usikubali kuonyeshwa mtu yuleyule mara ya pili kwenye gwaride jingine, na kama hakuna namna, sema iandikwe kwamba huyu nilishaonyeshwa tarehe fulani. Utambuzi ni ule wa kwanza, mengine yote baada ya hapo hujui unamkumbuka kutoka kwenye tukio au kutoka kwenye picha. Habari za kesi zipite pembeni yako.

Kama wewe uko upande wa ndugu wa mtuhumiwa, mwambie wakili atafute vitu hivi mapema: maelezo ya kwanza kabisa ya shahidi, picha zote zilizotumika kwa mpangilio wake, nani aliendesha, nani alikuwa chumbani, na shahidi alisema nini neno kwa neno siku ile. Uingereza tangu kesi ya Turnbull mwaka 1976 jaji anatakiwa kulitahadharisha baraza la wazee wa mahakama (jury, raia wanaoamua kama mtu ana hatia) kwamba shahidi mwenye uhakika anaweza kuwa amekosea, na kule Marekani jimbo la New Jersey mwaka 2011 mahakama yake ya juu ilibadilisha utaratibu mzima kwa sababu ya tafiti kama hizi. Wakili anayejua hoja hizo ana pa kuanzia.

Mahakamani utaambiwa umwonyeshe aliyefanya, na yuko pale kizimbani peke yake, kila mtu anajua anakaa nani pale. Usijibu kwa kuangalia kizimba, jibu kwa ulichosema siku ya gwaride: "siku ile nilimchagua namba 4 na nilisema nina uhakika wa nusu." Ukiulizwa kwa nini leo huna uhakika zaidi, jibu kwamba tangu siku ile hujamwona tena kwenye tukio, umemwona kwenye kesi tu.

Na shaka ikikujia baadae, hata kama umeshasaini, hata kama umeshatoa ushahidi, iandike siku hiyohiyo na tarehe yake, ukieleza imetokana na nini. Mpelekee aliyechukua maelezo yako, akikataa kuipokea mpelekee mwendesha mashtaka, naye akikataa kuna wakili wa upande wa pili. Baki na nakala.